Kabla ya Kulipa Ada: Jinsi ya Kukipima Chuo cha Afya na Kozi Zake

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Katika Kata ya Naipingo, kama ilivyo katika kata nyingine za Nachingwea na kwa majirani zetu wa Ruangwa, ada ya chuo huanzia shambani. Hutoka kwenye korosho zinazoingia mnadani kuanzia Oktoba, kwenye ufuta wa katikati ya mwaka na kwenye mbaazi. Mkulima hufikisha mazao yake ghalani kupitia chama chake cha msingi, mazao huuzwa katika minada inayoratibiwa na Chama Kikuu cha RUNALI, na malipo yanapoingia benki, sehemu yake huwa imekwisha kupangiwa kazi: kumsomesha kijana aliyehitimu kidato cha nne. Fedha hiyo haiji mara mbili kwa msimu mmoja. Ikilipwa katika chuo kisichotambuliwa, familia hupoteza mavuno, na kijana hupoteza miaka ambayo hakuna mnada wa kuirudisha.

Miongoni mwa kozi zinazovutia familia nyingi ni zile za vyuo vya kati vya afya, ambazo kwa lugha ya wizara huitwa kozi za afya na sayansi shirikishi. Makala haya yanaeleza namna mzazi au kijana anavyoweza kuipima kozi ya aina hiyo kabla ya kulipa hata shilingi moja. Jambo kuu la kushika ni hili: chuo kusajiliwa hakumaanishi kwamba kila kozi yake inatambuliwa, na cheti cha chuo si leseni ya kutoa huduma. Kati ya usajili wa chuo na leseni ya mhitimu kuna hatua kadhaa, na kila moja inaweza kuulizwa swali na kupatiwa jibu mapema.

Kozi hizi ni zipi

Huduma ya afya haitolewi na daktari peke yake. Mgonjwa anayefika katika zahanati hupokewa na tabibu au tabibu msaidizi, huhudumiwa na muuguzi na mkunga, hupimwa damu na mteknolojia wa maabara, na hupewa dawa na mteknolojia dawa. Katika hospitali wapo pia wataalamu wa radiolojia, wa macho, wa kinywa na meno, wa fiziotherapia na watunza kumbukumbu za afya. Afisa afya mazingira naye hukagua vyoo, maji na vyakula sokoni ili watu wasiugue. Wengi wa wataalamu hao huandaliwa katika vyuo vya kati.

Vyuo hivyo vimeongezeka kwa sababu inayoeleweka. Mwaka 2007 Serikali ilianza kutekeleza Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, uliojulikana kwa kifupi MMAM, wenye lengo la kuwa na zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Majengo huhitaji watu wa kuyafanyia kazi, na hitaji la wataalamu wa ngazi ya kati likapanda. Vyuo vya Serikali, vya mashirika ya dini na vya watu binafsi vikaongezeka. Vingi hufanya kazi nzuri. Hata hivyo, mahali penye wanunuzi wengi hapakosi wauzaji wa bidhaa pungufu, na kozi ya afya ni bidhaa ambayo upungufu wake huonekana baada ya fedha kutumika.

Ni vema pia kuondoa dhana kwamba kozi hizi ni kimbilio la walioshindwa kuendelea na kidato cha tano. Wilaya yetu ina ushahidi wake. Samora Machel, aliyeongoza wapiganaji wa FRELIMO katika kambi ya mafunzo ya Nachingwea na kuwa Rais wa kwanza wa Msumbiji mwaka 1975, kitaaluma alikuwa muuguzi. Kijana anayechagua fani hii anachagua kazi inayodai akili, uvumilivu na uaminifu, na anastahili kupelekwa katika chuo kitakachompa vyote anavyohitaji.

Hatua ya kwanza: usajili wa chuo na idhini ya kozi

Chombo chenye mamlaka ya kusajili na kusimamia vyuo vya kati nchini ni Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET. Baraza hilo lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997 likijulikana kama NACTE, na jina lake likabadilika mwaka 2021 lilipopewa jukumu la kusimamia pia ufundi stadi. Mwananchi akisikia jina la zamani au la sasa, ajue ni baraza lilelile.

NACTVET hufanya mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Jambo la kwanza ni kukisajili chuo, yaani kuthibitisha kwamba taasisi ipo, ina uongozi, majengo, walimu na vifaa vya kuanzia. Usajili huo unaweza kuwa wa muda au kamili, na chuo kinachoendelea kukidhi vigezo hupatiwa ithibati. Jambo la pili ni kuidhinisha kila kozi inayofundishwa. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali na kuruhusiwa kufundisha famasi, lakini kisiwe na ruhusa ya kufundisha utabibu. Mzazi anayeonyeshwa cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani amejibiwa nusu tu ya swali lake. Nusu iliyobaki ni hii: je, kozi hii, katika ngazi hii, kwenye tawi hili, imeidhinishwa?

Jibu la swali hilo hupatikana katika Kitabu cha Mwongozo wa Udahili, ambacho NACTVET hukitoa kila mwaka na kukiweka katika tovuti yake, www.nactvet.go.tz. Humo kila chuo kimeorodheshwa pamoja na kozi zake, muda wa kila kozi, sifa za kujiunga, idadi ya wanafunzi wanaoruhusiwa kupokewa na ada. Mwongozo husomwa bila malipo. Asiye na simu yenye intaneti anaweza kumwomba mwalimu wa shule ya sekondari au mtumishi wa ofisi ya kata amsaidie kuufungua. Chuo ambacho jina lake halimo, au ambacho kozi yake haimo, kisilipwe mpaka Baraza lenyewe liulizwe na kujibu.

Usome mwongozo wa mwaka husika, si wa mwaka uliopita. Hali ya chuo hubadilika. Baraza huweza kukizuia chuo kudahili wanafunzi wapya kwa sababu ya upungufu wa walimu au vifaa, na huweza kukifuta kabisa katika rejista. Sifa njema ya miaka mitano iliyopita haitoshi kuwa dhamana ya leo.

Hatua ya pili: ngazi ya tuzo na sifa za mwombaji

Vyuo vya kati hufundisha kwa ngazi za tuzo zinazofupishwa NTA. Ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ngazi ya 5 ni astashahada, na ngazi ya 6 ni stashahada, ambayo wengi huiita diploma. Kwa mhitimu wa kidato cha nne, safari kutoka ngazi ya 4 hadi ya 6 huchukua miaka mitatu kwa kawaida. Mzazi aulize kijana wake atamaliza katika ngazi gani, kwa kuwa kada, majukumu na mshahara hutegemea ngazi hiyo. Anayeishia ngazi ya 5 ya utabibu ni tabibu msaidizi. Anayefika ngazi ya 6 ni tabibu.

Ngazi hiyo huamua pia mlango wa chuo kikuu. Mwenye stashahada anayetaka kusoma shahada huombwa, kwa mujibu wa taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kuwa na wastani usiopungua 3.0 pamoja na ufaulu wake wa kidato cha nne, na baadhi ya kozi huwa na masharti ya ziada. Maombi hayo huhitaji namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET. Mhitimu wa chuo kisichotambuliwa hawezi kuipata namba hiyo.

Sifa za kujiunga nazo haziko mikononi mwa mkuu wa chuo. Kwa kozi nyingi za afya, mwombaji anatakiwa kuwa na ufaulu wa angalau alama D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo masomo ya sayansi yaliyotajwa kwa kozi husika. Kemia na Baiolojia hutajwa karibu kila mahali, na Fizikia huongezwa kwa kozi kama utabibu na uuguzi. Masharti kamili ya kila kozi yamo katika mwongozo wa mwaka husika.

Hapa ndipo familia nyingi hunaswa. Kijana aliyekosa ufaulu wa Kemia huambiwa na wakala kwamba aanze tu masomo, mambo mengine yatarekebishwa akiwa ndani. Hayarekebishwi. Majina ya waliopokewa hupelekwa NACTVET kuhakikiwa, na asiye na sifa huondolewa hata kama ada yake imekwisha kulipwa. Njia iliyo halali ni kijana kurudia somo lililomwangusha akiwa mtahiniwa wa kujitegemea chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania, kisha kuomba chuo akiwa na sifa kamili. Mwaka mmoja wa kurudia Kemia ni gharama ndogo kuliko miaka mitatu ya kusomea kitu ambacho hakitahesabiwa.

Hatua ya tatu: mafunzo kwa vitendo

Hili ndilo swali linaloulizwa mara chache, na ndilo linalomgusa mgonjwa moja kwa moja. Mtu anaweza kukariri hatua zote za kumhudumia mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua, lakini mikono yake isijue la kufanya. Mikono hufundishwa wodini, chini ya jicho la mwenye uzoefu.

Kwa hiyo, mzazi au kijana anapotembelea chuo, asiridhike na kuonyeshwa madarasa na bustani. Aulize mambo manne.

Kwanza, wanafunzi hufanya mazoezi katika hospitali ipi, na je, kuna makubaliano ya maandishi kati ya chuo na hospitali hiyo? Chuo kilicho ndani ya eneo la hospitali kina nafasi nzuri katika jambo hili. Katika mikoa ya kusini, baadhi ya vyuo vimekua pamoja na hospitali, kama vile vya uuguzi vya Ndanda na Nyangao vilivyoambatana na hospitali za Kanisa Katoliki. Vipo pia vyuo vya Serikali, kikiwemo cha uuguzi hapa Nachingwea na vya matabibu vya Lindi, Mtwara na Masasi. Kutajwa hapa si kupewa daraja. Vyuo hivyo navyo vipimwe kwa maswali haya haya.

Pili, hospitali hiyo inapokea wanafunzi wa vyuo vingapi? Wodi yenye vitanda ishirini ikizungukwa na wanafunzi sitini, wengi wao watatazama migongo ya wenzao. Swali lisiwe tu jina la hospitali, bali mwanafunzi atapata zamu ngapi na wagonjwa wangapi wa kuwahudumia.

Tatu, chuo kina maabara ya stadi yenye vifaa gani? Mwanafunzi wa uuguzi anapaswa kujifunza kuchoma sindano na kufunga kidonda kwenye sanamu ya mafunzo kabla ya kumgusa mtu. Mwanafunzi wa maabara anahitaji darubini anayoishika mwenyewe, si kusimuliwa. Uliza darubini ni ngapi na wanafunzi ni wangapi, kisha ugawanye.

Nne, nani anamsimamia mwanafunzi awapo wodini, na anachokifanya huandikwa wapi? Kozi inayoendeshwa vizuri humpa mwanafunzi kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kwa vitendo, ambamo kila stadi aliyoifanya hutiwa saini na msimamizi. Omba kuonyeshwa kitabu cha mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu. Kurasa zilizojaa saini za tarehe tofauti huonyesha kazi inayofanyika. Kurasa tupu, au zilizotiwa saini zote siku moja, nazo hutoa jibu.

Chanzo bora cha habari ni wanafunzi wenyewe. Zungumza nao nje ya ofisi ya uongozi. Waulize mara ya mwisho walikuwa wodini lini, walimu wa kudumu ni wangapi, na wangapi kati ya walioanza nao bado wanaendelea.

Hatua ya nne: gharama yote, si ada pekee

Tangazo la chuo hutaja ada. Familia hulipa zaidi ya ada. Hebu tuchukue hesabu ya mfano, ambayo tarakimu zake si za chuo chochote bali zimewekwa ili kuonyesha namna ya kukokotoa.

Ada ya mwaka ni shilingi 1,400,000. Malazi ni 400,000. Chakula ni 90,000 kwa mwezi, na kwa miezi kumi ni 900,000. Michango ya mitihani ni 150,000. Sare na vifaa ni 120,000. Nauli na matumizi ya dharura ni 130,000. Jumla ya mwaka ni shilingi 3,100,000, na kwa miaka mitatu ni 9,300,000. Katika fedha hizo, ada ni 4,200,000, yaani chini ya nusu.

Tukiigeuza hesabu hiyo kuwa korosho, kwa bei ya mfano ya shilingi 2,500 kwa kilo mkononi mwa mkulima, gharama ya mwaka mmoja ni kilo 1,240. Kila familia ijiulize kama shamba lake linaweza kutoa kiasi hicho kwa misimu mitatu mfululizo, ikiwemo ile ambayo mvua au bei haitakuwa rafiki. Si vibaya kuchelewa mwaka mmoja ili kuweka akiba. Kibaya ni kijana kurudi nyumbani mwaka wa pili kwa kukosa fedha, wakati kozi aliyoiacha nusu haimpi kazi.

Omba chuo kikupe orodha ya malipo yote kwa maandishi, yenye mhuri, inayoonyesha kinacholipwa mara moja na kinacholipwa kila mwaka. Uliza pia kama fedha hurudishwa mwanafunzi asipokubaliwa katika uhakiki. Malipo ya vyuo vya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo. Ya vyuo binafsi hufanywa katika akaunti ya benki yenye jina la chuo. Usitume ada kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama anajitambulisha kuwa mwalimu au mhasibu, na tunza kila stakabadhi mpaka siku ya mahafali.

Kuna nafuu inayostahili kufuatiliwa. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikipokea maombi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na afya na sayansi shirikishi ni mojawapo. Mkopo hauna uhakika kwa kila mwombaji na masharti hutangazwa kila mwaka. Anayekusudia kuomba aandae mapema cheti cha kuzaliwa na nyaraka nyingine zinazotakiwa, maana nyaraka hizo huchukua muda kukamilika.

Hatua ya tano: kutoka cheti hadi leseni

Mhitimu wa kozi ya ualimu au ya uhasibu akipata cheti anaweza kuanza kutafuta kazi. Kwa mhitimu wa afya kuna mlango mwingine mbele yake. Sheria inamtaka asajiliwe au aorodheshwe na baraza la taaluma yake na apate leseni kabla ya kumhudumia mgonjwa. Anayetoa huduma bila hayo anavunja sheria, hata kama cheti chake ni halali.

Kila fani ina baraza lake. Wauguzi na wakunga wako chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linaloongozwa na sheria ya mwaka 2010, na hufanya mtihani wa baraza hilo kabla ya kupewa leseni. Matabibu na kada nyingine shirikishi husimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kwa sheria ya mwaka 2017. Wateknolojia dawa wako chini ya Baraza la Famasi, lenye sheria ya mwaka 2011. Wataalamu wa maabara, wa radiolojia, wa optometria na wa afya ya mazingira nao wana mabaraza yao, yaliyoundwa kwa sheria za mwaka 2007.

Hivyo basi, swali la kumuuliza mkuu wa chuo ni hili: wahitimu wenu wa miaka miwili iliyopita walikuwa wangapi, na wangapi kati yao wamesajiliwa na baraza lao? Chuo kinachofuatilia wahitimu wake kitakuwa na jibu. Chuo kinachojibu kwa kusifu mahafali yake kimekwepa swali. Baraza husika nalo linaweza kuulizwa moja kwa moja kama linawasajili wahitimu wa chuo hicho.

Hapa pia ndipo zinapojulikana kozi fupi zinazonadiwa kwa majina makubwa. Kozi ya miezi sita inayoitwa ya unesi haimfanyi mtu muuguzi. Vilevile, mafunzo mafupi ya watoa dawa katika maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, ni halali na yana faida kwa vijiji vyetu, lakini hayamfanyi mtu kuwa mteknolojia dawa. Kozi fupi si kosa. Kosa ni kuiuza kwa jina la kozi ndefu.

Ajira: kusema kweli

Hakuna chuo chenye uwezo wa kuahidi ajira ya Serikali. Nafasi za kada za afya hutangazwa, huombwa kwa mifumo ya kielektroniki na hugombewa na wahitimu wa nchi nzima. Upo uhaba wa watumishi katika vituo vya kutolea huduma, na wakati huohuo wapo wahitimu wanaosubiri kuajiriwa, kwa kuwa idadi ya nafasi hutegemea bajeti ya mishahara. Mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja. Kijana achague fani anayoipenda na anayoimudu, aulize pia nafasi zake katika hospitali za mashirika ya dini, hospitali binafsi, maduka ya dawa na maabara, kisha ajiandae kwa kipindi cha kusubiri.

Dalili za kujihadhari

Simama na uulize zaidi endapo utaona mojawapo ya haya: wakala anayelipwa kwa kila mwanafunzi anayemleta, ahadi ya kupokelewa bila kuangaliwa matokeo ya kidato cha nne, shinikizo la kulipa leo kabla nafasi hazijaisha, maelezo kwamba usajili unashughulikiwa, jina la chuo linalofanana sana na la chuo maarufu, au kukatazwa kutembelea wodi na maabara. Dalili moja haitoshi kukihukumu chuo. Inatosha kusitisha malipo mpaka jibu lipatikane.

Pa kuanzia

Mkazi wa Naipingo anaweza kuanza na Ofisi ya Mtendaji wa Kata au Afisa Elimu Kata kwa msaada wa kuusoma mwongozo wa udahili. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya ni mahali pazuri pa kueleweshwa kuhusu kada na mabaraza yake. Watumishi wa zahanati na vituo vya afya walio karibu nawe walipita katika vyuo hivi. Waulize walisoma wapi, walifundishwa vipi na leseni zao walizipataje. Kwa kozi za afya katika vyuo vya Serikali, maombi hupitia mfumo wa udahili wa pamoja wa NACTVET, na mwombaji anaweza kuyafanya mwenyewe kwa simu bila kumlipa wakala. Tarehe za kufunguliwa na kufungwa kwa dirisha hutangazwa na Baraza kila mwaka.

Nenda na karatasi yenye maswali matano: Je, kozi hii imo katika mwongozo wa mwaka huu? Je, matokeo ya kijana wangu yanatimiza masharti yake? Je, atajifunzia wodini wapi, na chini ya nani? Je, gharama yote hadi kuhitimu ni kiasi gani? Je, baraza la taaluma litamsajili? Yakijibiwa yote kwa maandishi, lipa ada ukiwa na utulivu. Likibaki moja bila jibu, fedha ikae benki. Siku moja kijana huyo atasimama pembeni ya kitanda cha mgonjwa katika zahanati kama zetu, na mgonjwa huyo anaweza kuwa mzazi aliyemlipia ada.